Katwe na Mabishano ya Ardhi ya Makerere

Mtu ashukaye kutoka Mengo, kwenye Lubiri ya Kabaka, akaelekea upande wa mashariki, hufika Katwe. Mahali hapa pamejulikana tangu zamani kwa mafundi wake wa chuma, kwa maduka yake madogo madogo, na kwa njia yake iendayo Kibuye, ambako barabara ya Entebbe na barabara ya Masaka huagana. Katika siku za Serikali ya Himaya ya Kiingereza, Katwe haikuwa ndani ya mpaka wa mji wa Kampala uliotawaliwa na Wazungu. Ilikuwa katika Kibuga, yaani mji mkuu wa Buganda, chini ya Kabaka na baraza lake la Lukiiko. Mpaka baina ya miji hiyo miwili haukuwa na ukuta wala handaki. Mtu aliuvuka kwa miguu, kapu lake kichwani, pasipo kujua kwamba amekwisha toka katika sheria moja na kuingia katika sheria nyingine.

Mwaka 1945 palitokea mabishano makubwa ya ardhi juu ya mlima wa Makerere, upande wa kaskazini wa mji. Kwa mwendo wa miguu Makerere si jirani ya Katwe. Walakini lililobishaniwa halikuwa mlima ule peke yake. Watu waliuliza kama nyumba ya mtu, shamba lake la ndizi na makaburi ya wazazi wake vyaweza kuchukuliwa kwa ajili ya jambo jema ambalo mwenyewe hakulikubali. Swali hilo liligusa kila nyumba ya Kibuga, na Katwe, iliyokaa mlangoni mwa mji unaokua, ilikuwa na sababu ya kulisikiliza kwa makini kuliko mahali pengi.

Wala haikuwa mara ya kwanza kwa watu wa upande huu kuchoshwa na kazi iliyosemwa kuwa ni ya fahari ya nchi. Ziwa la Kabaka, lililoko karibu na Mengo upande wa Ndeeba, lilichimbwa kwa mikono katika miaka ya 1885 hadi 1888 kwa amri ya Kabaka Mwanga, naye alikusudia kuliunganisha na ziwa kubwa la Nyanza. Machifu walilazimishwa kufanya kazi pamoja na watu wao, na aliyechelewa alitozwa faini. Hapakuwa na mahali pa kupeleka malalamiko. Basi malalamiko yalikaa vifuani mwa watu mpaka Septemba 1888, Waislamu na Wakristo walipoungana kumwondoa Mwanga katika kiti chake. Sababu za kuondolewa kwake zilikuwa nyingi, na khofu ya kuangamizwa wafuasi wa dini ilikuwa kubwa kuliko zote. Hata hivyo walioandika khabari za siku zile hawakuacha kulitaja lile ziwa. Maji yake yangaliko hata leo, lakini hayakufika Nyanza.

Tukio la 1945 halifahamiki illa kwa kuyakumbuka Mapatano ya mwaka 1900, yaliyotiwa sahihi tarehe 10 Machi baina ya Sir Harry Johnston na wakuu waliokuwa wakimshikia utawala Kabaka Daudi Chwa, aliyekuwa bado mtoto mdogo. Kwa mapatano hayo ardhi ya Buganda ilipimwa kwa maili za mraba, na kutoka hapo likapatikana neno "mailo", ambalo hata sasa ndilo jina la milki ya namna hiyo. Kabaka alipewa maili 350. Machifu na wenye ardhi wengine, waliohesabiwa kuwa watu 1,000, walitengewa maili 8,000. Misheni tatu za Kikristo zilipata 92 kwa jumla. Nuhu Mbogo, ndugu yake Kabaka Mutesa I na mkuu wa Waislamu, alipewa 24 kwa ajili yake na wafuasi wake. Hesabu hiyo ya mwisho ilikuwa ndogo, nao Waislamu wa Buganda walijua kwamba ni ndogo. Lakini kutoka katika fungu hilo na mali ya nyumba ya Mbogo yalipatikana mambo makubwa, kama itakavyosemwa hapo mbele.

Waliopewa mailo walipata hati. Waliokuwa wakikaa juu ya ardhi hiyo hawakupata kitu. Mkulima alilala usiku mmoja akiwa mtu wa chifu wake, akaamka akiwa mpangaji wa mwenye mailo. Koo nazo zilikuta kwamba mahali pa kuzikia mababu zao, ambapo Waganda hupaita butaka, pameandikwa kwa jina la mtu wa ukoo mwingine. Ndipo wazee wa koo, yaani Bataka, walipoanza kukutana na kudai katika mwaka 1921. Serikali ilichunguza shauri lao mwaka 1924, na mwaka 1926 jibu likatoka London kwamba mgawanyo wa 1900 hautageuzwa. Yaliyopatikana ni sheria ya 1928, iliyoweka kiwango cha kodi ya ardhi, yaani busuulu, na kiasi cha mazao atakayotoa mwenye kibanja, na kumzuia mwenye mailo asimfukuze kibanjani maadamu anatimiza wajibu wake. Kwa watu wanyonge sheria ile ilikuwa ngao. Aliyekuwa na kibanja aliweza kupanda mibuni na kujenga nyumba ya kudumu, akajua kwamba watoto wake watamzika hapo.

Makerere ilianza mwaka 1922 kuwa shule ya ufundi. Mwaka 1937 tume ya Earl De La Warr ilishauri ikuzwe mpaka iwe chuo kikuu cha Afrika ya Mashariki nzima. Hakuna mtu wa akili aliyeona kwamba shauri hilo ni baya. Vijana wa Tanganyika, Kenya na Zanzibar walikuwa wakija kusoma pamoja na wenzao wa Uganda. Julius Nyerere mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa Makerere tangu 1943 hadi 1945. Lakini chuo kikuu chataka mahali pa kulala wanafunzi, nyumba za walimu, maktaba na viwanja, na sehemu kubwa ya ardhi iliyotakiwa ilikuwa mailo ya watu. Pamoja na hayo, Shirika la Dola la Kukuza Pamba lilitaka ardhi huko Namulonge kwa ajili ya kufanyia utafiti wa mbegu. Kwa sheria ya ardhi ya Buganda ya mwaka 1908, mwenye mailo hakuweza kumpa milki yake mtu asiyekuwa wa Buganda bila ya idhini ya Gavana na Lukiiko. Kwa hiyo Serikali haikuweza kupita kando ya Lukiiko. Ilihitaji sheria, na sheria hiyo ilipaswa ipitishwe na Waganda wenyewe.

Hapa ndipo palipozuka ugomvi. Waliopinga walisema kwamba sheria itakayomwezesha Kabaka kuchukua ardhi kwa mambo yenye faida kwa taifa haina mwisho. Leo ni chuo, kesho ni pamba; na kesho kutwa je? Nani atakayesema kwamba jambo hili lina faida kwa taifa na lile halina? Walitazama Kenya, ambako nyanda za juu zilikuwa zimekwisha tengwa kwa Wazungu, wakaona kwamba ardhi ya Buganda ilisalimika kwa sababu moja tu: kila kipande chake kilikuwa na mwenyewe aliyeweza kusema hapana. Akiondolewa uwezo wa kusema hapana, hati yake ni karatasi. Khofu ya kuunganishwa na Kenya na Tanganyika chini ya serikali moja ilikuwa imeenea siku zile, na chuo kilichojengwa kwa ajili ya nchi zote za Afrika ya Mashariki kilionekana na wengi kuwa mlango wa jambo hilo.

Baadhi ya Waingereza waliandika baadaye kwamba upinzani ule ulikuwa ujinga wa watu wasiopenda elimu. Maneno hayo si ya haki. Waganda wa miaka ile walikuwa wakiuza kahawa na pamba ili watoto wao wapate ada ya shule, na wengi wa waliopinga walikuwa watu waliosoma, wenye kuandika magazeti na barua kwa Gavana. Walichokataa ni namna ya kuitwaa ardhi. Mtu aweza kuipenda shule na asipende kuamriwa kuondoka nyumbani kwake.

Mwaka wenyewe ulikuwa mbaya. Vita vilikuwa vimepandisha bei ya nguo na vyakula, na mishahara ilibaki nyuma. Januari 1945 wafanya kazi wa Kampala waligoma, na mgomo ukaenea katika nchi pamoja na ghasia. Watu walidai nyongeza ya mishahara, na pamoja nayo walidai kwamba Omuwanika, yaani mtunza hazina wa Buganda, Serwano Kulubya, aondoke katika kazi. Aliondoka. Serikali ilizima ghasia kwa nguvu, na katika miezi iliyofuata Katikkiro Samwiri Wamala naye aliondolewa na kupelekwa uhamishoni. Mahali pake alirudishwa Martin Luther Nsibirwa, aliyekuwa amekwisha kuwa Katikkiro zamani mpaka alipojiuzulu mwaka 1941. Kila mtu alifahamu kwamba amerudishwa ili sheria ya ardhi ipite.

Tarehe 4 Septemba 1945 Lukiiko iliipitisha. Gavana, Sir John Hathorn Hall, alipata alichotaka. Walakini Lukiiko ya siku zile haikuwa baraza la watu waliochaguliwa na raia. Wengi wa wajumbe wake walikuwa machifu waliotegemea Serikali kwa vyeo vyao, nao walikuwa wameona ndani ya miezi michache tu jinsi Katikkiro mmoja alivyoondolewa. Kabaka Mutesa II alikuwa kijana ambaye hajatimiza miaka 21. Kura za namna hiyo hazikumtuliza mtu yeyote Kibuga.

Asubuhi ya tarehe 5 Septemba, siku moja baada ya sheria kupita, Nsibirwa alikwenda Namirembe kwenye ibada ya alfajiri. Alipigwa risasi mlangoni mwa kanisa, akafa.

Kumwua mtu anayekwenda kusali ni jambo ambalo hakuna dini wala mila ya Kiganda inayoweza kulitetea, na wazee wa Kiislamu hawawezi kulisoma bila ya kukumbuka kwamba Sayyidna Umar (r.a.) naye alichomwa kisu akiwa katika sala ya alfajiri. Lakini pamoja na ubaya wake, kitendo kile kilifanya hasara ya pili ambayo haisemwi mara nyingi. Kiliwafunga midomo waliokuwa na haki ya kusema. Tangu siku ile, kila aliyeuliza juu ya ardhi ya Makerere alionekana kuwa mshirika wa wauaji. Serikali iliwakamata watu na kuwahamisha wengine mbali na Buganda. Michael Kawalya-Kagwa akawa Katikkiro. Sheria ilibaki na ardhi ikatwaliwa. Swali lililoulizwa kabla ya mauaji, juu ya nani apimaye faida ya taifa, halikupata jibu, kwa sababu hapakuwa tena na mtu wa kuliuliza kwa sauti. Likarudi chini ya ardhi kama moto wa mboji, na mwaka 1949, mwezi wa Aprili, lilipolipuka pamoja na mambo mengine ya pamba na ya uchaguzi wa machifu, Chama cha Bataka kilikuwa mbele yake, na nyumba za machifu ziliteketezwa.

Katwe ilikuwa na sehemu yake katika miaka hiyo. Kwa kuwa ilikuwa nje ya mpaka wa mji wa Wazungu na karibu na Mengo, watu wa magazeti na wa siasa walipata mahali huko, na khabari za Lukiiko zilizungumzwa vibarazani kabla hazijaandikwa. Uganda National Congress, chama kilichoanzishwa mwaka 1952 na Ignatius Musazi, kilikuwa na katibu mkuu Mwislamu kijana, Abu Mayanja, ambaye mwaka huo huo alifukuzwa Makerere kwa sababu ya mgomo wa wanafunzi. Basi chuo kile kilichopingwa na wazazi kikawa chenyewe kinazaa wapinzani.

Ni haki pia kutaja upande wa pili wa mizani. Makerere ilifungamana na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, ikawa chuo kikuu kamili chenye kujitegemea mwaka 1970, na hakuna wilaya ya Uganda isiyokuwa na daktari, mwalimu au hakimu aliyetoka huko. Jengo moja la kulala wanafunzi, lililoitwa zamani Northcote, likapewa jina la Nsibirwa. Wanafunzi wengi wamelala humo bila ya kujua kwamba ardhi ya chuo chao na damu ya mtu huyo ni khabari moja.

Ng'ambo ya pili ya mji, upande wa mashariki wa Katwe na Nsambya, kuna mlima mwingine wenye khabari ya namna nyingine kabisa. Kibuli ilikuwa mali ya nyumba ya Mbogo. Nuhu Mbogo alipofariki mwaka 1921, mwanawe Badru Kakungulu alikuwa bado mtoto. Alipokuwa mtu mzima aliwaona Waislamu wa Uganda wako nyuma katika elimu ya skuli, kwa kuwa shule karibu zote zilikuwa za misheni na wazazi wengi wa Kiislamu waliogopa watoto wao wasije wakabadilishwa dini. Akatoa ardhi yake ya Kibuli kwa ajili ya msikiti na shule. Shule zilianza kukua huko katika miaka ile ile ya 1940 ambayo Makerere ilikuwa ikigombaniwa, na msikiti wenye kuba na minara, uonekanao kutoka sehemu nyingi za mji, ulifunguliwa mwaka 1951 na Prince Aly Khan.

Milima miwili, basi, na elimu juu ya milima yote miwili. Mmoja ulipatikana kwa sheria, mmoja kwa mkono wa mwenye mali. Waislamu wa Kampala wamezoea kulitaja jambo hili kwa fahari, na wana haki. Lakini haifai kulirahisisha. Kibuli ilitolewa na mtu mmoja mwenye mailo, aliyekuwa mwana wa mfalme, na aliyeweza kutoa kwa sababu alikuwa nacho cha kutoa. Mwenye kibanja kimoja, chenye nyumba, migomba na kaburi la mama yake, hana mlima wa kutoa wakfu; akitoa, ametoa vyote. Haiwezekani kumwambia mtu wa namna hiyo afanye kama alivyofanya Badru Kakungulu.

Khabari za mwanzo wa Uislamu zina mfano ulio karibu zaidi na mtu wa kibanja. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina, mahali ngamia wake alipopiga magoti palikuwa uwanja wa kuanikia tende, mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Imepokewa kwamba walitaka kuutoa bure kwa ajili ya msikiti, naye hakukubali mpaka ununuliwe. Hapakuwa na jambo lenye faida kwa umma kuliko msikiti ule, wala hapakuwa na mtu mwenye haki ya kuomba kuliko aliyeomba. Na pamoja na hayo thamani ililipwa kwanza.

Baadaye, katika ukhalifa wake, Sayyidna Umar alitaka kuupanua msikiti huo, na nyumba ya Abbas, ami yake Mtume, ilikuwa njiani. Abbas alikataa kuiuza. Khalifa wa Waislamu na mwenye nyumba walikwenda kwa Ubayy bin Kaab awaamue, naye alihukumu kwamba nyumba ni ya Abbas na kwamba Umar hana njia juu yake. Umar akakubali. Alipokwisha kukubali, Abbas mwenyewe akaitoa sadaka. Alikuwa amegoma asinyang'anywe, na alipoona kwamba hanyang'anywi, akatoa.

Hiyo ndiyo hadithi ambayo waalimu hupenda kuisimulia. Iko na ya pili, nayo haipendezi sana kwa wapinzani, lakini haifai kufichwa. Mwaka wa 17 wa Hijra, Umar huyo huyo aliupanua Msikiti Mtakatifu wa Makka. Nyumba zilikuwa zimeizunguka Kaaba mpaka pakawa finyu kwa wanaotufu. Wengine waliuza, wengine walikataa. Waliokataa, nyumba zao zilibomolewa, na thamani yake ikawekwa amana mpaka walipokuja kuichukua. Hoja iliyotolewa ni kwamba wao ndio walioijia Kaaba na kujenga uani mwake; Kaaba haikuwajia wao. Mafakihi waliofuata walizipima khabari hizi mbili pamoja. Wengi wao walikubali kwamba mali ya mtu yaweza kutwaliwa kwa thamani ya haki penye haja ya umma ya kweli, kama msikiti uliojaa au njia iliyobana. Na walisisitiza thamani, na walisisitiza haja. Haja ya kweli haithibitiki kwa neno la mtawala tu, kwa maana Madina mtawala alishindwa mbele ya kadhi wakati ambapo jambo lake lilikuwa msikiti.

Kwa mizani hiyo, mambo ya 1945 yanaonekana vizuri zaidi kuliko kwa mizani ya siasa. Haja ya Makerere ilikuwa ya kweli. Kilichokosekana ni Ubayy bin Kaab: mtu wa katikati, asiyeteuliwa na upande mmoja, ambaye mwenye ardhi angeweza kumwendea na kushinda. Palikuwa na Gavana aliyetaka ardhi, Katikkiro aliyerudishwa ili aipate, na Lukiiko iliyojua kilichompata Katikkiro aliyetangulia.

Na palikuwa na watu ambao hawakuulizwa na upande wowote. Mabishano yote ya 1945 yalikuwa baina ya Serikali, Lukiiko na wenye mailo. Wenye vibanja waliokaa na kulima juu ya ardhi hiyo hawakuwa na kiti katika mazungumzo. Wenye mailo waliposema "ardhi yetu", walisema kweli kwa hati, lakini aliyeng'oa migomba yake na kubeba mabati yake kwenda kutafuta mahali pengine alikuwa mtu mwingine. Jambo hili ni kubwa kwa Katwe na kwa jirani yake Kisenyi. Wataalamu wawili, Aidan Southall na Peter Gutkind, waliochunguza maisha ya Kisenyi na Mulago katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chao mwaka 1957, waliwakuta watu wengi mno wakiwa wapangaji wa vyumba katika nyumba za wengine, juu ya ardhi ya wengine tena. Mahali pa namna hiyo kila mpango wa kubomoa na kujenga upya hupita juu ya vichwa vya watu watatu: mwenye mailo, mwenye kibanja, na mwenye kukodi chumba. Wa kwanza huandikiwa barua, wa pili huambiwa, wa tatu huona tingatinga.

Baada ya uhuru sheria zilibadilika mara nyingi. Falme zilifutwa mwaka 1967, na Kibuga, kilichokuwa kimepata cheo cha manispaa ya Mengo, kikaunganishwa na Kampala, hata Katwe ikawa ndani ya mji uliokuwa ng'ambo. Amri ya mwaka 1975 iliifanya ardhi yote kuwa ya Serikali, na wenye mailo wakawa wapangaji kwa karatasi. Katiba ya 1995 iliirudisha ardhi kwa raia, na katika kifungu chake cha 26 iliandika kwamba mali ya mtu haitatwaliwa illa kwa haja ya umma, na baada ya kulipwa fidia ya haki kabla ya kutwaliwa, naye awe na njia ya kwenda mahakamani. Sheria ya Ardhi ya 1998 ikamtambua mwenye kibanja. Maneno hayo mawili, kabla na mahakamani, ndiyo ambayo watu wa 1945 hawakuwa nayo.

Maneno hayo yalijaribiwa punde. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba sheria ya zamani ya kutwaa ardhi, iliyoruhusu Serikali kuingia kwanza na kulipa baadaye, inapingana na Katiba. Serikali ililalamika kwamba mtu mmoja anayebishia bei aweza kuisimamisha barabara nzima, na malalamiko hayo hayakuwa ya uongo. Mwaka 2017 ikaleta mswada wa kubadili kifungu cha 26, ili fidia iliyobishaniwa iwekwe mahakamani na kazi iendelee huku shauri likisikilizwa. Lilikuwa karibu jambo lile lile alilolifanya Umar huko Makka. Upinzani ulikuwa mkubwa, Buganda hasa, na hoja zake zingefahamika na yeyote aliyekuwapo Mengo miaka 72 nyuma: kwamba bei itapangwa na anayenunua, kwamba mwenye kibanja hana fedha za wakili, na kwamba nyumba ikisha kubomolewa, shauri la bei laweza kukaa mahakamani mpaka mwenyewe afe. Mswada haukupitishwa. Miaka miwili baadaye, kazi ya barabara za juu ilipoanza penye Mnara wa Saa, hatua chache kutoka Katwe, ilianza chini ya kifungu kile kile cha 26, kama kilivyoandikwa mwaka 1995.